Chafya Niliyosema Ni Yangu

Chepkoech, mtoto wa mwanangu, mtoto wangu,

Maneno haya ni ya mdomo wangu lakini mkono ni wa jirani yetu Mama Atieno. Unamjua anavyoandika, herufi zake zote zimelala upande mmoja kama mahindi yaliyopigwa na mvua ya mawe. Tumekaa jikoni, moto uko katikati yetu, na ile mvua ya saa nane inakuja kutoka upande wa msitu kama kila siku. Wewe umeenda Kapsoit kumuaga shangazi yako. Nimemwambia aandike upesi kabla hujarudi.

Nimemchagua yeye kwa sababu mbili. Ya kwanza, alisoma mpaka darasa la saba. Ya pili, ni Mjaluo. Kalamu ya mtu wa kwetu ingefikisha maneno haya Kiptere kabla wino haujakauka. Mama Atieno hata akitaka kuyabeba, atayapeleka kwa nani? Hapa ametua kalamu akacheka. Nimemwambia aandike kwamba amecheka. Basi ndiyo maana nakusemesha kwa Kiswahili leo, lugha ambayo mimi na yeye tumeitumia kusemezana miaka yote, tukiivunjavunja kila mmoja upande wake. Amesema atanyoosha pale nilipopinda. Anyooshe maneno, mambo yenyewe ayaache yalivyo.

Sitakuambia habari za sweta, wala kufuli ya sanduku, wala wavulana. Mama yako atatoka kule laini, kwenye nyumba za kampuni ya chai, kesho alfajiri kuja kukuambia hayo yote, tena mara mbili. Mimi nina neno moja tu. Nimelikalia miaka kumi na tisa kama kuku anayelalia yai bovu. Harufu nimeisikia siku nyingi. Leo nainuka.

Jumapili, tulipotoka kanisani, wale kina mama walikuja hapa kukuombea safari. Uliwapikia chai vizuri. Bot Kiprono, rafiki yangu tangu tukiwa na meno yote, mtu ambaye mdomo wake Mungu alisahau kuuwekea mlango, alikuangalia umesimama na ile nguo ya buluu, akakuita kwa jina lako la nyumbani, akasema, "Angalieni Tapsubei jamani! Hata siku ile anaondoka alikuwa ameng'aa hivihivi." Akajishika mdomo, lakini ng'ombe alikuwa ameshatoka zizini. Wote wakaangalia ndani ya vikombe. Wewe ulitua chako kikiwa kimejaa, na hukukigusa tena.

Jumatatu kwenye majani ya chai uliniambia mimi bibi yako bila kuinua kichwa, "Kogo, si lazima niende. Chuo cha ualimu kina watu wengi wanaotaka nafasi. Mimi naweza kubaki nichume."

"Umeingiwa na nini?"

"Tapsubei alitoka hapa akaenda, hakurudi. Si mnasema mimi ndiye yeye?"

Nikakuambia chuma, majani yanakomaa ukisimama. Hiyo ndiyo hekima niliyoipata pale, mimi mzee mzima. Ukachuma. Tukapeleka majani senta ya kupimia. Lakini tangu siku hiyo nakuona. Nguo unazikunja na kuzikunjua. Sanduku umelifungua mara ngapi? Gari litapita kwenye barabara kubwa kesho saa kumi na mbili, na mimi najua, kama ninavyojua mvua, kwamba ukibaki na hofu hiyo hutalipanda. Au utalipanda ukiwa umekufa nusu, na huko utakuwa mtu wa kungojea kufa nusu ya pili. Na hofu hiyo ni mimi niliyeipanda. Sikiliza nilivyoipanda.

Unajua sisi tunavyotafuta jina la kurenet, jina la yule aliyerudi katika mtoto. Umelisikia, lakini ndani hujawahi kukaa, maana siku hizi watoto wanapewa majina kutoka kwenye redio. Siku yako tulikuwa wanawake wanne ndani ya nyumba ya nyasi, ile iliyokuwa pale penye choo sasa. Mama yako alikuwa amelala nyuma ya pazia. Mimi ndiye nilikushika, kwa sababu mimi ndiye mama wa baba yako. Ulikuwa mzito kama kibuyu kilichojaa maziwa, na macho umeyafungua. Tunauliza, nani amekuja? Halafu mmoja anaita majina ya waliotangulia upande wa babu yako, polepole, jina moja, kisha kimya. Jina moja, kisha kimya. Yule aliyerudi akisikia jina lake, mtoto anapiga chafya.

Mjukuu wangu, sijui kama nitaweza kukueleza kile kimya. Nimezaa watoto saba, nimeona umeme ukipasua mti mbele ya macho yangu, nimeona mtu akifa huku anacheka. Sijaona kitu kinachonitetemesha kama wanawake wazima wamenyamaza, wanamngojea mtu wa siku chache awaambie yeye ni nani. Hata moto ulikuwa kama umeacha kula kuni.

Bot Kiprono ndiye aliyekuwa akiita. Akaita wa kwanza, kimya. Akaita wa pili, kimya. Akaita, "Taprandich."

Ukapiga chafya.

Ilikuwa ndogo, kama punje ya mtama ikipasuka kwenye jivu. Ni mimi tu niliyeiona, maana uso wako ulikuwa kifuani mwangu, lakini sauti waliisikia wote. Bot Kiprono akasimamisha mkono hewani ili apige vigelegele. Na mimi, bibi yako, nikasema, "Ni mimi. Moshi huu utaniua."

"Wewe?" Bot Kiprono akasema. "Pua kubwa hivyo, chafya ndogo hivyo?"

Wakacheka. Nikajifanya kufuta pua. Wakaendelea kuita.

Sasa, mtoto akichelewa sana, inaruhusiwa kumsaidia kwa ugoro kidogo kwenye ukucha, lakini ukishauweka unauacha pale pale kwa majina yote, ili mwenye jina achague mwenyewe. Mimi nilichota nikaufunika kwa kiganja. Likaitwa jina, nikafunika. Likaitwa lingine, nikafunika. Bot Kiprono alipoita "Tapsubei," nikakufunulia chini ya pua. Ulipiga chafya tatu, ukalia mpaka ukawa mwekundu kama udongo wa barabara. Vigelegele vya siku hiyo vilisikika mpaka mtoni, na aliyepiga kwa nguvu kuliko wote ni mwizi mwenyewe.

Mama Atieno ametua kalamu tena. Anasema, "Kogo, hilo jambo ni kubwa." Anasema kwao aliyekufa huja kwenye ndoto akisema niiteni, na wakikataa, mtoto analia usiku na mchana mpaka apewe jina lake. Nimemuuliza, na wakimpa jina ambalo si lake? Amesema, "Hapo sijui. Labda analia ndani." Ninaomba asiandike hilo. Ameliandika.

Utauliza kwa nini. Tapsubei unamjua, wamekuimbia habari zake tangu ulipotambaa. Alikuwa dada mdogo wa babu yako. Nilipoletwa hapa kama bibi arusi, nyumba nzima ilinipima kwa macho kama ndama wa mnada, yeye peke yake alinishika mkono akanionyesha chemchemi iko wapi na ni jiwe lipi linateleza. Tulicheka pamoja mwaka mmoja na nusu. Halafu akaolewa mbali, akatoka hapa amepakwa mafuta, anang'aa. Masika ya kwanza akashikwa na uzazi, na kilichorudi hapa ni habari tu. Nilimtaka. Kwa miaka ishirini nilikuwa nikiuliza kila mtoto wa kike wa nyumba hii, na kila mtoto alikuwa mtu mwingine. Wewe ulikuwa wa mwisho.

Na Taprandich? Huyo hukuambiwa. Nilihakikisha hukuambiwa. Taprandich alikuwa mama mkwe wangu, na Mungu anisamehe, nilimchukia kama jino bovu. Yule mwanamke alikuwa anauliza. Mtu anapita njiani na mzigo wake, yeye amesimama kwenye lango: Unatoka wapi? Nani amekupa? Kwa nini umepitia huku? Nikipika, nani amekufundisha kuweka chumvi mwanzo? Nikinyamaza, unanyamazia nini? Wanawake wa kijiji walikuwa wakimwona wanakata kona. Nilikuwa na aibu naye. Nilijiambia, akifa nitapumzika. Akafa, nikapumzika. Halafu nikiwa nimekukumbatia nikasikia jina lake na nikaona ile chafya, na roho yangu ikasema, hapana, si huyu, sikubali arudi kuniuliza tena.

Ukakua. Jamani ukakua! Kabla hujajua kufunga vifungo ulikuwa umeshaanza. Kogo, nani aliweka kilima pale? Kogo, majani ya chai yanajua ni nani atayanywa? Kogo, kwa nini mvua ina saa na mchungaji hana? Watu walisema, huyu Tapsubei wenu anaongea. Mimi nilikuwa nawaambia atatulia. Moyoni nilijua ni nani anayeongea.

Ulikuwa darasa la nne ile siku ya wageni. Uliuliza mbele ya watu wote, "Kogo, wanasema babu aliletwa nyumbani akiwa mgonjwa. Nani alimleta?" Nilikupiga kofi. Unalikumbuka. Hukulia, uliniangalia tu. Nikakuambia mtoto wa kike haulizi-ulizi, Tapsubei hakuwa hivyo. Ulinyamaza karibu mwaka. Mwalimu wako alikuja hapa kwa baiskeli, akaniambia, "Mama, mtoto huyu majibu anayajua, lakini mkono hainui." Nikamwambia ni mpole, ana jina la mtu mpole. Akaondoka. Mimi nikaenda nyuma ya zizi nikakaa chini kwenye samadi, kwa sababu nilijua kofi lile lilikuwa la mtu mwingine na shavu lilikuwa lako.

Kwa hilo sina cha kujitetea. Nimelisema, limeandikwa. Tuendelee.

Swali lako la siku ile nalijibu leo, baada ya miaka kumi. Aliyemleta babu yako nyumbani ni Taprandich.

Nilikuwa sijapata mtoto bado. Babu yako alikwenda kutafuta kazi ya reli upande wa Fort Ternan, kule chini ambako baridi inaisha na miwa inaanza. Miezi ikapita, hakuna neno. Wanaume wakasema ameshaoa huko. Mimi nikainamisha kichwa kama mke mwenye adabu, nikalima, nikangoja. Yule mama alinijia asubuhi moja akaniuliza, "Wewe, mume wako yuko wapi?" Nikasema sijui. "Na umeuliza nani?" Nikainamia jembe langu. Akachukua fimbo, akafunga nyama kavu kwenye ngozi, akaondoka peke yake. Mwanamke wa umri ule! Hajawahi kuona gari moshi, hajui neno la Kiswahili isipokuwa moja. Lile neno ni "nani."

Alisimama kwenye kila lango na kila njia panda akasema, "Nani? Nani?" na kuonyesha kwa mikono, mtu mrefu, kovu hapa kwenye nyusi. Walimcheka. Mbwa walimfukuza. Lakini swali hilo lilitembea mbele yake. Mtoto wa kuchunga mbuzi alimwelekeza kwa mkata miwa, mkata miwa Mjaluo akampeleka kwa Mhindi mwenye duka, Mhindi akampeleka kwa mwanamke aliyekuwa akiuza uji. Na yule wa uji ndiye aliyekuwa na babu yako nyuma ya kibanda chake, amelala kwenye gunia, homa imemkausha amebaki masikio. Alimtunza wiki tatu bila kujua ni mwana wa nani.

Siku ya kumi na moja tuliwaona wakipanda kilima. Yeye mbele, amebeba mzigo wa mwanawe. Mwanawe nyuma, ameshika ncha ya fimbo ya mama yake kama kipofu. Kijiji kizima kilitoka kuangalia. Na mimi, unajua nilifanya nini? Niliona wivu. Mwanamke mwingine amenirudishia mume wangu, na mimi nilikuwa nimekaa hapa na adabu yangu. Sikumwambia asante. Mpaka anaingia kaburini sikumwambia. Aliuliza mara moja tu, usiku ule ule, "Sasa umefurahi?" nami nikajifanya kupuliza moto.

Bila "nani" yake baba yako hakuna, na wewe hakuna. Huyo ndiye niliyemfukuza puani mwako kwa ugoro.

Ningeweza kufa na jambo hili. Nilikuwa nimepanga kufa nalo. Aliyenivuruga ni wewe na kile kitabu chako.

Ni mwezi uliopita, kwenye kipande cha juu. Ulikuwa umekifungua juu ya michai, pale tulipochuma mpaka imekuwa sawa kama meza, mikono inachuma, mdomo unasoma. Maneno ya Kiingereza nimemwachia Mama Atieno ayaandike yanavyotakiwa, mimi nayasikia kama ndege tu.

"Who is coming? Who wants tea?"

Nikakuuliza, "Ni nini hicho unatafuna?"

"Maswali, Kogo. Nani anakuja. Nani anataka chai."

"Na hayo yanaendewa chuo? Hata mbuzi anajua nani anataka chai."

Ukacheka, lile cheko lako la zamani. "Ngoja. Kuna kitu hapo. Kwa Kiingereza ukiuliza nani, unauliza kama ni mmoja. Hata kama mlangoni wamesimama kumi."

"Kumi, na unauliza mmoja?"

"Kwa sababu bado hujui ni wangapi. Ukishaona ni wengi, hapo unasema who are they, hawa ni akina nani. Lakini kabla hujajua, ni who is. Hata nini ni hivyo. What is in the basket? Majani elfu, na bado unauliza kama ni kitu kimoja."

"Na ukishaviona mbele yako, unataka kuchagua?"

Uliniangalia kama mwalimu ameona mwanafunzi. "Hiyo ni which, Kogo. Hiyo inafuata unachokiona. Kimoja, which is. Vingi, which are. Lakini who imefumba macho."

Kikapu kilinishuka begani. Wewe ulidhani nimechoka, ukanishika. Sikuwa nimechoka. Wewe unajua sisi hatuhesabu watu. Mtu akiniuliza nina wajukuu wangapi namwambia wapo, maana mtoto aliyehesabiwa ni kama amenyooshewa kidole. Na hawa wenye Kiingereza mimi niliwaona nikiwa msichana wakipima vilima hivi kwa kamba, wakihesabu michai, wakihesabu watu asubuhi na jioni. Nilijua ni watu wa kuhesabu mpaka mbinguni. Kumbe ndani kabisa ya lugha yao kuna mlango mmoja ambapo hawahesabu! Wanasimama hapo wamefumba macho, wanaita mmoja, na yeyote aliye nje anaingia jinsi alivyo, peke yake au na ukoo wake wote. Nilitazama vilima vile vyote vya kijani mpaka Kericho, nikakumbuka siku ile ya kimya. Nikajiona mbele ya moto nimekushika. Tuliuliza nani amekuja. Swali lilikuwa la mmoja. Nani aliniambia kwamba jibu nalo lazima liwe la mmoja?

Nimelifikiria mwezi mzima. Chafya ya kwanza hakuna aliyeigusa, ilikuwa yake Taprandich, hilo naliapia. Chafya ya pili ilikuwa ya ugoro. Lakini ulizaliwa na mkono mpole, uchumaji wako hauvunji tawi, na wewe ndiye unayejua ni jiwe lipi linateleza kwenye chemchemi bila kuonyeshwa. Sijui. Labda Tapsubei alikuwa nyuma ya mama yake mlangoni, na angeingia hata bila uchafu wangu. Mimi sina elimu ya kusema ni wangapi. Mchungaji akisikia atasema ni mambo ya giza. Mimi na Mungu tumeshazungumza hilo kwenye majani, na hakunikemea. Alininyamazia tu, kama anavyonyamazia vitu ambavyo nimechelewa kuviona.

Ninachojua ni hiki. Mimi niliuliza swali nikiwa na jibu tayari kwenye ukucha. Huko uendako watakupa watoto ukae mbele yao, na mmoja atapiga chafya wakati hukutaka. Utajua la kufanya, mimi sikujua.

Na ujue hili pia, kwa sababu ya gari la kesho. Aliyekuja kwanza ndani yako si yule aliyeondoka akapotea. Ni yule aliyekwenda Fort Ternan kwa miguu na neno moja mdomoni, akarudi siku ya kumi na moja na mtu aliyemfuata. Wewe unakwenda na maneno ya lugha tatu na sanduku lenye kufuli. Unaogopa nini?

Leo asubuhi nilitaka kukuambia kwa mdomo. Ulikuwa uani, umeinama, unaosha viatu. Nilisimama kwenye mlango wa jikoni, na jina ambalo sijalitamka kwa mapenzi hata siku moja nikalitoa, kwa sauti ndogo kama naita kifaranga. "Taprandich."

Hukuinua kichwa. Ukasema, "Naam, Kogo."

Halafu mkono wako ukasimama juu ya kiatu. Ukageuka. Maji yalikuwa yanadondoka. Ukaniuliza, "Umeniita nani?"

Na mimi, baada ya miaka kumi na tisa, na meno yameisha, na kaburi linanichungulia, nilisema, "Sijaita mtu. Nimepiga chafya."

Ndipo nikavuka ua kwenda kwa Mama Atieno nikamwambia lete kalamu.

Sikupiga chafya, Chepkoech. Leo sikupiga, na siku ile sikupiga. Ilikuwa wewe. Bot Kiprono nitamwambia mimi mwenyewe Jumapili, mbele ya wale wengine, na wacha wanicheke mpaka chai imwagike. Barua hii Mama Atieno ataiweka ndani ya kiatu ulichoosha, utaikuta ukivaa.

Kesho nitasimama langoni. Nitauliza tu, nani anaondoka? Sitasema jina. Wewe ndiye utajibu, kwa jina unalotaka, moja au yote mawili, nami nitanyamaza nisikie. Kisha uende, mama. Nenda ukaulize. Saisere, kwaheri.

Mimi jina langu sijui kuliandika, kwa hiyo hapa chini nimeweka kidole gumba kwa masizi ya sufuria. Kiangalie vizuri. Ndicho kilichobeba ugoro. Sasa hakina kitu.

Kogo wako